Mwalimu Kaloki na Shimo Lisilo na Maji

Mchungaji wetu, ndugu na majirani, nyote mliokuja kwa uchungu na ninyi mliokuja kwa kuogopa kukosekana, mimi Nzilani, dada ya marehemu, ndimi niliyetumwa na familia kusoma, na nitasoma bila kumung'unya maneno.

Mwalimu Kaloki Mwau alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Tawa, kitinda mimba wa Mzee Mwau na Mama Wayua, akasomea huko hadi sekondari, akahitimu shahada ya fizikia Nairobi mwaka wa 1995, akafundisha Kyuso, kisha mwaka wa 2008 akahamishiwa hapa Kathonzweni.

Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa na Kanyiva, wakajaliwa Mutanu na Kitonga, na nyumba ile haikuwahi kuwa kimya, maana Mwalimu hakuchoka kueleza kwamba nyota za pembeni mwa galaksi zinakimbia kwa kasi ya kuzitawanya na bado hazitawanyiki, kwa hiyo kuna kitu kizito kisichoonekana kinachozishika, wataalamu wanakiita maada ya giza, wengine wakisema ni chembe zilizobaki tangu ulimwengu uanze, wengine mashimo meusi madogo ya wakati huo huo, na wako wanaobisha kwamba hakuna kitu, ni kanuni zetu za uvutano zenye kasoro. Yeye alishikilia chembe.

Ndipo yeye na wanafunzi wake wakachimba lile shimo shambani, kwa sababu mwamba huzuia miale mingine ya angani ilhali chembe hizo hupenya, akashusha kifaa cha kuzinasa, akakizungushia mitungi ya maji ya kununua ili kukikinga, akafunga mfuniko kwa kufuli mbuzi wasitumbukie. Basi! Katika ukame ule, Mkamba akiona mitungi iliyojaa ikivutwa kutoka shimoni kila kifaa kinapokaguliwa, na kufuli juu yake, ataka shahidi gani tena? Aliwaambia hakuna maji, mkasema msomi huyu anatufanya watoto.

Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025 mlikuja na mapanga, mkavunja kufuli kwa shoka, mkampasua mdomo, mkamvunja mkono alioinua kujikinga, na mtu mmoja akampiga jiwe kisogoni, akaanguka shimoni hadi chini, na mlipomulika tochi mkaona ile mitungi ya kununua na mwamba mkavu, kilicholowa ni damu ya ndugu yangu tu. Wengine wenu mlishuka kumtoa mkilia. Alifariki hospitalini tarehe 2 Novemba, na polisi walipouliza nani alirusha jiwe, kijiji kizima hakikuona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, walimu wenzake waliojitolea damu, na majirani, naam, hata ninyi majirani, mliochimba kaburi hili jana. Sasa vijana watapokezana koleo mpaka lijae, kama ilivyo desturi, na Mama Wayua anaomba neno moja tu: aliyerusha jiwe asimfukie mwanawe. Hatutauliza jina. Makoleo yako pale, na macho tunayo.

Pumzika kwa amani, Kaloki. Ulisema kweli, shimo lilikuwa kavu.