Nani Atoke Kwenye Kadi

Barabara ya lami inapokutana na njia ya vumbi, ukutani mwa duka la dawa lililofungwa zamani, kuna benchi refu lenye miguu mitatu na tofali. Tofali ndilo mguu wa nne, na kwa kweli ndilo mjumbe mwenye busara kuliko wote pale, maana linabeba mzigo na halisemi kitu. Kila asubuhi Shangazi anawasha jiko lake la mkaa, anaweka birika, anapanga vikombe, na kabla kahawa haijachemka wateja wake wameshachemka. Ukiwauliza njia ya kwenda posta watakueleza posta ilijengwa lini, nani aliiba mbao za kujengea na kwa nini barua hazifiki. Njia yenyewe utaitafuta mwenyewe. Siku hiyo hoja mezani ilikuwa ya Kufuli.

Kufuli ni mchonga funguo. Kibanda chake kimegusana na benchi, kwa hiyo anaweza kusaga ufunguo huku sikio moja liko barazani. Jina lake amelipata mara mbili: kwa kazi yake, na kwa mdomo wake, maana maneno humtoka mojamoja kana kwamba anayalipia ushuru. Lakini asubuhi hiyo alikuwa na jambo lililomkaba. Bima ya afya ya familia yake ilikuwa imepanda bei. Kwa fedha ile ile aliyozoea kulipa, kadi sasa ilibeba watu watano tu, na nyumbani kwake walikuwa sita: yeye, mkewe, watoto watatu na mama mkwe. Dirisha la bima lilikuwa linafungwa mchana huo, na kabla halijafungwa alitakiwa aseme nani anatoka.

Sasa nikwambie asilolijua mtu pale kijiweni: Kufuli alikuwa ameshaamua. Atajitoa yeye. Uamuzi huo ungekuwa mwepesi kama si jicho. Jicho lake la kulia lilirukiwa na chembe ya shaba kutoka kwenye mashine, na daktari wa macho alimwambia arudi itolewe upesi, la sivyo nuru itafifia. Mchonga funguo na jicho lake ni kama mpishi na ulimi wake. Basi moyoni alikuwa anaogopa, tena anaogopa sana, na alichokifuata benchini hakikuwa kahawa. Alitaka mtu mmoja tu amwambie, “Usijitoe.” Kuliomba neno hilo aliona aibu. Alitaka lije lenyewe.

— Toa mama mkwe, alisema Bosi Kesho kabla mwenzake hajamaliza kueleza. Huyu ni dalali wa vyumba vya kupanga, na utajiri wake umekuwa unakuja kesho tangu watu wamfahamu.

— Atolewe kwa kosa gani? aliuliza Shangazi.

— Kosa lake afya! Yule bibi umewahi kumwona anaumwa? Juzi kabeba ndoo ya maji kichwani, akanipita mimi nimebeba gazeti.

— Na methali iko wazi, aliingia Pindo, fundi cherehani ambaye ana methali kwa kila jambo, ila kila methali ina jambo lake jingine. — Asiyekuwapo na lake halipo. Mama mkwe yupo hapa? Hayupo. Basi na kadi yake haipo. Kesi imekwisha.

— Hiyo methali haisemi hivyo, Pindo.

— Shangazi, wewe mimina kahawa. Methali zina wenyewe.

Kufuli alitingisha kichwa. Kumtoa mama wa mkewe? Huyo mama alimpa binti yake wakati yeye hana hata kitanda. Siku ya posa, wajomba waliponuna, ni mama huyo aliyesema, “Kijana ana mikono, mengine yatafuata.” Hilo halikuwezekana, akalisema kwa maneno mawili:

— Hapana. Mkwe.

— Basi mtoto mdogo, alisema Pindo. Kamba hukatikia pembamba.

— Wewe! alipayuka Daktari. Mtoto mdogo ndiye anayeumwa kuliko wote! Hata mende kwenye duka la dawa wanalijua hilo!

Huyu Daktari si daktari. Alikuwa mlinzi wa usiku wa lile duka la dawa kabla halijafungwa, na kwa miaka yote aliyolala mlangoni anaamini elimu ilimwingia kwa chini ya mlango.

— Sikilizeni kitaalamu, aliendelea. Kinga ni bora kuliko tiba. Familia isiugue. Mvua ikinyesha, ndani. Jua likiwaka, ndani. Mtoto akitaka kupanda mti, aoneshwe picha ya mti.

— Na shule?

— Shule ndiyo kiwanda cha mafua, mama yangu! Wapelekwe siku ya mtihani tu, wakiwa wamefunikwa shuka.

Benchi zima liliangua kicheko mpaka tofali likasogea. Bosi Kesho akakisukuma kikombe chake pembeni, ishara kwamba sasa anatoa hoja nzito.

— Kufuli, kaka yangu, watoto wako wawili wa mwisho si wanafanana?

— Kidogo.

— Basi kadi moja! Akiumwa huyu, anaingia huyu. Akiumwa yule, anaingia huyu huyu.

— Mmoja wa kike, alisema Kufuli.

— Anyolewe.

— Ana miaka kumi na mmoja. Mwenzake mitano.

— Daktari wa hospitali akishangaa mwambie kakonda kwa ugonjwa! Ndiyo maana kaletwa hospitali!

— Hapo umenena, alidakia Pindo, lakini ukweli ni kwamba nyinyi mnahangaika na watu, mimi nahangaika na majira. Kwa nini watu sita waumwe ovyo ovyo bila utaratibu? Wekeni zamu, kama mnavyowekeana zamu ya kuosha vyombo. Masika, mama mkwe na magoti yake. Shule zikifungwa, watoto. Mke wako achague mwenyewe, wanawake hawapangiwi. Anayeumwa nje ya zamu, ajitibu kwa maji ya moto na aibu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini?

— Cha afya!

— Tena kuna njia fupi, Bosi Kesho alisimama sasa, mkono kifuani. Wafanyakazi wa bima wenyewe wanalipa bima?

Hakuna aliyejua, kwa hiyo wote walisema kwa uhakika kwamba hawalipi.

— Eeh! Na familia zao? Hazilipi. Sasa Kufuli nenda kwa meneja, piga goti, mwambie akuasili. Uwe mwanawe.

— Nina miaka hamsini.

— Mtoto kwa mzazi hakui! Ukishakuwa mtoto wa meneja, mkeo ni mkwe wa meneja, wanao wajukuu wa meneja, na mama mkwe wako...

Hapo alikwama, kwa sababu hakuweza kupata jina la undugu wa mama mkwe wa mtoto wa kuasiliwa. Pindo alisema huyo ni shemeji. Daktari alisema ni binamu kwa upande wa mlango. Wakabishana hilo muda mrefu kuliko walivyoijadili bima yenyewe, na Shangazi akamimina duru nyingine.

Kufuli alikuwa anacheka pamoja nao, maana ukikaa na watu hawa huwezi kununa, lakini jicho lilikuwa linamwasha na jua lilikuwa linapanda. Akaona afadhali alisogeze lile neno karibu yao, labda wataliokota.

— Na nikijitoa mimi? alisema, akijifanya anasugua ufunguo.

Vikombe vikashuka, wote wakamgeukia. Sasa, alijiambia. Sasa mmoja wao atasema.

— Mwanaume! alipaza sauti Bosi Kesho, akampiga mgongoni. Huyo ndiye baba wa familia!

— Kitaalamu ni sawa kabisa, alisema Daktari. Mwanaume haumwi. Mwanaume anachoka tu.

— Na methali imeshasema, alimalizia Pindo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe ndiye mwenyeji wa nyumba yako. Bima ya nini? Alika wageni, utapona.

Wakampigia makofi. Kufuli akatabasamu, na tabasamu lenyewe likamuuma. Hawakuwa na ubaya, masikini. Wangejua wangekata ndimi zao. Lakini alijihisi mpweke katikati ya watu wanaompenda, na upweke wa namna hiyo ni mbaya kuliko ule wa chumbani. Akavuta kiti kwenye mashine ili amalize kazi aende dirishani.

Ndipo sauti ikasema nyuma yao:

— Hodi hapa.

Benchi lote lilisimama kama darasa. Alikuwa mama mkwe mwenyewe, mtandio begani, kikapu mkononi. Bosi Kesho alificha uso kwenye kikombe kilichokuwa tupu.

— Shikamoo mama, walisema kwa mkupuo.

— Marahaba wanangu. Kaeni, mnakiogopesha hicho kibenchi. Mwanangu, alimgeukia Kufuli, nimepoteza ufunguo wa mlango wa nyuma. Nichongee mwingine kwa huu wa mkeo.

— Sawa, mama.

Kufuli aliinamisha macho kama inavyompasa mtu mbele ya mkwewe, akaupokea ufunguo kwa mikono miwili. Akaubana kwenye mashine, akaweka mwingine usiochongwa bado kando yake, akawasha. Cheche ziliporuka, alifumba jicho la kulia na kugeuza uso pembeni, akachonga kwa jicho moja na kwa mazoea. Alipozima mashine, chozi lilikuwa limefika kidevuni. Mama mkwe hakuutazama ufunguo.

— Hilo jicho lina nini?

— Kachembe tu, mama. Litapoa.

— Umemwona daktari wa macho? Alisemaje?

— Nirudi.

Yule mama akaweka kikapu chini. Akawatazama wote mmoja mmoja, kwa utulivu, maana alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta muda wa kutosha na masikio yake hayakuwahi kuhitaji bima.

— Nimewasikia mnamtoa kwenye kadi mkampigia na makofi. Sina neno. Nauliza tu. Hili jicho atalitibu wapi?

Daktari aliangalia mlango wa duka lake la dawa kama vile jibu limebandikwa pale. Pindo, ambaye hajawahi kukosa methali tangu azaliwe, alizitafuta zote na hakuna iliyokubali kuja.

— Kufuli, alisema Daktari kwa sauti ndogo, mbona hukusema jicho?

— Hamkuuliza.

Lilikuwa jibu la kweli, na halikuwa na hasira, ndiyo maana liliwachoma.

— Sasa nijibu wewe, mama mkwe aliendelea. Huko dirishani, ndiyo bei moja tu waliyonayo?

Kufuli alikunja kitambaa chake cha kazi, akakikunjua.

— Kuna ya chini, mama. Inabeba watu wote sita.

— Wote sita! Bosi Kesho aliruka. — Ndugu yangu, asubuhi nzima nakuasilisha kwa meneja, kumbe...

— Nyamaza, mwanangu. Inabeba wote sita, halafu inapunguza nini?

— Matibabu yale yale. Dawa zile zile. Ila... Kufuli akakikunja tena kile kitambaa. — Ukilazwa, unalazwa wodi ya wengi. Hakuna chumba cha peke yako. Mimi nikasema, mama wa mke wangu, alale kitanda kimeshikana na vitanda vya watu asiowajua? Watu watasema nini? Nikaona haya. Nikaiacha.

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema pale kwa mkupuo mmoja. Mama mkwe alimkazia macho kwa muda. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa hadi akamshika Shangazi bega asianguke.

— Chumba cha peke yangu! Mimi! Umeniona mimi nikikaa peke yangu? Siku ile nilipolazwa kwenye hicho chumba chenu nilihesabu mbao za dari mpaka zikaisha, nikaanza upya. Muuguzi akija kunipima nilikuwa namshika mkono asiondoke. Nikalia usiku, nawe ukadhani ni maumivu! Mwanangu, mimi nikiumwa nataka kitanda cha huku kuna mtu, cha huku kuna mtu, tujue nani katembelewa na nani hakutembelewa. Utanilipia upweke, halafu upofuke?

— Nilikuwa nakuheshimu, mama.

— Najua, alisema, sasa bila kucheka. Na mimi nakuheshimu. Ndiyo maana sitaki mkwe kipofu. Funga mashine twende kabla hawajafunga dirisha. Kutoka hapo moja kwa moja kwa daktari wa macho, na mimi nitakaa nje ya mlango, maana nakujua, utatoroka.

Kufuli alifunga kibanda. Neno alilolisubiri tangu alfajiri lilikuwa limemfikia kwa mdomo ambao hakuutegemea, na alijihisi mwepesi kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Mama mkwe alitangulia, kikapu kikiyumba, naye akamfuata nyuma kwa adabu.

Walipofika upande wa pili wa barabara, Pindo ndipo alipozinduka.

— Jamani, lakini nani katolewa? Hatujajua nani katolewa!

— Kufuli! aliita Bosi Kesho, mikono ikiwa mdomoni. — Mmemtoa nani?

Yule mtu wa neno moja moja akageuka katikati ya vumbi, akapaza sauti ambayo kijiwe hakijawahi kuisikia kwake:

— Tumetoa chumba!