Jiko la Adero

Jioni hiyo kijiwe cha mtaa wa Obunga, mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Akello, kilikuwa na matanga ya jiko. Matanga kabisa! Jiko lenyewe la udongo lilikuwa zima, limekaa kwenye benchi katikati ya wanaume watatu, ila limerudi kutoka shuleni na alama: "Chini ya matarajio." Adero alikuwa ameliacha hapo akaenda kubadilisha sare. Baba yake, Ouma, hata kahawa hakuonja. Mtoto yuko Gredi ya Sita na jiko hilo ni mradi wa shule unaohesabiwa kwenye matokeo. Tangu mamake afariki, Ouma hataki apungukiwe na kitu, hata alama.

— Hii si haki, akasema Wesonga, anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani tu. Udongo nilikanda mimi. Yaani mimi niko chini ya matarajio?

— Na mlango wa kuni nilikata mimi! akasema Okello Welding. Mageti yangu yamejaa Kisumu mzima, kuna moja imewahi anguka?

— Ni wivu. Mwalimu anataka jiko kama hii kwake, akasema Profesa.

— Wivu wapi, omera, ndugu yangu! akadakia Okello. Serikali inapima wazazi, watoto ni kisingizio. Tukifeli tena, tunavalishwa kaptura turudi Gredi ya Nne.

— Kaptura? akashtuka Profesa. Na hii tumbo yangu?

Mama Akello alicheka mpaka akaweka birika chini. Ouma hakucheka. Alikumbuka alivyolisugua jiko kwa kijiko likang'aa, Adero amesimama kando akitaka kushika, naye akimwambia asijichafue.

Adero akarudi.

— Baba, mwalimu aliuliza kwa nini udongo una nyasi. Sikujua. Nikamwambia mlitengeneza nyinyi. Amesema nipeleke ingine Jumatatu.

— Hakuna shida, nyathina, mtoto wangu! akaruka Okello. Hii ya Jumatatu tunaweka na bomba ya moshi!

Adero akawatazama wote watatu. Hakukasirika, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

— Kwani mlidhani mimi siwezi?

Profesa akavua miwani. Okello akatafuta kahawa kwenye kikombe kitupu. Mama Akello akainua birika, nalo tupu.

— Hapana, mama, Ouma akamwambia Adero. Nilidhani...

Akainuka, akaleta beseni la udongo uliobaki nyuma ya kibanda, akaliweka mbele ya binti yake. Adero akapiga magoti, akaanza. Muda si muda, ukuta wa jiko jipya ukaanza kulala upande.

— Linaanguka! akapiga kelele Okello.

— Wacha lianguke, akasema Ouma, akarudi kwenye benchi, akaikalia mikono yake yote miwili.