Pandeni Nikiwa Bado Napumua

Sogeeni, wanangu, lakini msikae. Nisikilizeni mkiwa mmesimama, na viatu vya shamba miguuni. Gavin, mwanangu mkubwa, acha kunifuta jasho. Bethia, machozi yaweke, yana siku yake.

Mnajua shamba hili la Whinnyrig halikuwa letu. Babu yenu alilikodi kwa taki, ndivyo tunavyouita mkataba huo hapa Uskoti, nami nikaongezewa muda wa uhai wangu tu. Mawakili wana neno kwa kila wanachotunyang'anya: ada ya kuingia ina jina, kufukuzwa kuna jina, zaka ya kanisa ina jina, njaa peke yake wametuachia tuiite tupendavyo. Pumzi yangu ikikatika, taki nayo imekatika. Jana msimamizi wa bwana mwenye ardhi alichungulia hapo mlangoni, kofia kichwani: "Ee, Mzee Ninian, bado tu?" Nikamjibu, "Bado, bwana mdogo, ila kama una haraka, kitanda hiki kinatosha wawili." Alicheka kwa meno tu.

Basi shikeni hili. Sheria hiyohiyo inayowatoa inasema mavuno humfuata aliyepanda. Kila punje ya shayiri itakayofunikwa na udongo nikiwa hai ni yenu, na mtarudi kuivuna hata shamba likiwa la mwingine. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa wametunyonga, haki wameikalia, basi ichukueni. Konde la juu bado tupu, nanyi mmeacha plau mkae kunitazama! Sikuzaa walinzi wa maiti mimi.

Na wakati wa mavuno msibebe hata mganda mmoja kabla mtoza zaka ya kanisa hajaja kuchagua wake wa kumi, la sivyo sheria itawashika. Najua mvua, msinifundishe. Mama yenu alisimama konde lilelile akimngoja, miganda ikachipua kwa maji, na homa aliyoipata pale ndiyo iliyomchukua. Mchungaji akamzika vizuri sana. Sijasamehe, wala siwalazimishi kusamehe. Mwiteni mtoza zaka mapema, mbele ya mashahidi, asipate pa kujifichia.

Jirani yetu Isobel atakaa nami. Nikiisha, atatundika shuka mlangoni. Mkiiona, simamisheni ng'ombe palepale, maana kuanzia hapo ni wizi, nami sikulea wezi. Gavin amwage mbegu, Bethia aongoze ng'ombe, afukie.

Unasemaje, Bethia? "Baba, ufe bila sisi?" Ndiyo, mama. Ningependa mkono wako huu niushike mpaka mwisho, lakini hauwezi kunishika na kupanda. Mungu awape mvua ya kiasi... msigombane... popote mtakapolala, mlale wote wawili...

Niachie, binti yangu. Niachie wewe kwanza. Mimi sina nguvu ya kukuachia.