Parcelle ya Mama Mukwe

Kwenye taksi-basi ya Ruashi, bwana mmoja alimsimulia mama aliyekaa karibu naye, kwa sauti ya mtu anayelala vizuri: "Banki iliuzisha nyumba yangu ya mtaa wa Hewa Bora, na deni ingine ikabakia. Niko nalipa pole pole. Sasa najenga tena huku Ruashi, lakini kiwanja, ile parcelle, iko ku jina ya mama mukwe. Banki haiwezi kuigusa."

"Na yeye akikufukuza, papa?"

"Kwetu mama mukwe hawezi kulala mu nyumba ya mukwe wake. Ni heshima."

Mimi mpangaji, niliyekaa nyuma yao, nilimwonea wivu.

Tulipofika Ruashi, bibi mmoja alikuwa amesimama kituoni, godoro kichwani. Bwana akainamisha macho, kama desturi inavyotaka. "Ni yeye," akanong'ona.

"Basi shuka, papa," yule mama wa karibu naye akasema. "Umubebee godoro mpaka ku nyumba yake."