Wariara na Ndoo ya Omena

Naapa mbele ya hili jeneza na mbele ya Mungu, hapa hakuna neno hata moja la uongo, na kama liko, hii tenti iniangukie saa hii. Mimi ni Ndegwa, ndugu mdogo wa marehemu, shule sikusoma, hii karatasi nimeishika tu, maneno yako kwa kichwa.

Wariara alizaliwa tarehe kumi na nne Machi 1968 huko Gilgil, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa na Muiruri mwaka wa 1989, wakahamia Kaptembwo, Mungu akawapatia Joan na Ndung'u, na kwa miaka thelathini akauza sukuma wiki mlango kwa mlango, sukuma imekatwa nyembamba kuliko nywele.

Mwaka wa 2020 akaanza kutoa damu akienda choo, kwa duka la dawa akaambiwa ni piles, yaani bawasiri, akajipaka mafuta miaka miwili, na mtu wa Milimani kwa matajiri akiumwa tumbo asubuhi, saa sita ashaingizwa kamera. Yeye kamera aliiona Agosti 2022, kansa ya utumbo ishakomaa, akapasuliwa, akawekwa dawa, na alipopata nguvu kidogo akarudi kumuuliza daktari mbona Kaptembwo hatupimwi, akapewa vikopo vya kuweka choo ipelekwe maabara.

Watu waliona haya. Basi dada akawa anawaletea vikopo chini ya sukuma, na kila Jumatano anavikusanya na ndoo ya kifuniko imeandikwa OMENA, maana omena ni dagaa wa kunuka, na ndoo yao ya mtu hakuna mwenye hufungua. Alipima watu elfu kumi, sawa, Joan ananiangalia, mia mbili na kumi na moja, na sita walipatikana mapema, wako hai, wawili ndio wamebeba hili jeneza.

Mimi, mwenye nilisimamisha fahali kwa mkono mmoja Lanet nzima ikiona, nilijifungia nyumbani Jumatano tatu. Ya nne akakaa hapo kwa mlango wangu, mfuko wa choo aliowekwa alipopasuliwa umefungwa tumboni, akaniambia, Ndegwa, mimi nilichelewa kwa sababu sikujua, wewe unajua. Nikatoa kikopo nikilia kama mtoto. Kitu ilikuwa imeota ndani, ikatolewa kabla haijageuka kansa. Kati ya wale sita, mmoja ni mimi.

Alituacha tarehe mbili Juni 2025, miaka hamsini na saba. Asanteni madaktari, majirani, na akina mama wa mboga. Jumatano ndoo itapita kama kawaida, Joan ataibeba, mimi nitamuonyesha milango. Pumzika sasa, dada, miguu imetembea ya kutosha.

Ya vikopo ambieni kila mtu. Lakini hiyo ya mimi kulia, nawaomba, isitoke kwa hii tenti.