Mitufaha ya Gerishon Mutai kule Timboroa

Wapendwa mliokusanyika hapa Mesaimeer, Doha, Ijumaa hii, familia imenituma niwaeleze ndugu yetu alikuwa nani, kwa kuwa wengi wenu mlimjua kwa lile jina la dhihaka tu mlilompa wenyewe, Baba Kabichi.

Marehemu Gerishon Mutai alizaliwa tarehe 3 Machi 1974 huko Timboroa, mahali ambapo sakitu, ule umande ulioganda, huunguza viazi na watu huota moto mwaka mzima, akasoma shule ya msingi papo hapo, sekondari Eldama Ravine, akafuzu ufundi wa umeme mjini Eldoret, na mwaka 2001 akafunga ndoa na Millicent, wakajaliwa mabinti wawili, Velma na Olivia.

Mwaka 2010 alikuja Doha kutengeneza viyoyozi katika nyumba za Al Thumama, akiishi kambini Industrial Area, na kila Desemba, kiangazi kinapofunguka kule milimani, alichukua likizo akaenda kwake, akapiga randa mbao za baraza, akabadilisha madirisha, akapanda mitufaha na mayungiyungi, na jua la asubuhi lilipogusa sakitu juu ya majani ya kabichi zake akapiga picha, ambazo aliwaonyesha hapa kwa furaha ambayo macho yenu hayakuistahili.

“Mutai,” mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa, Cyrus, alimwambia mbele ya watu, “mtu wa Ghuba haonyeshi kabichi, anaonyesha gorofa.”

Gerishon akaitazama picha ya Cyrus kwenye simu, ameegemea gari jeupe pale Corniche, kando ya bahari, akamuuliza kwa upole, “Na hili gari ni la nani?”

Mnamo Machi 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na akiwa bado kitandani kaka yake Job, aliyeachiwa bustani aitunze, akaikata mitufaha yote ili ajenge vibanda vya kupangisha, maana Job hajawahi kuona kitu kizuri asitamani kukigeuza mabati. Desemba hiyo daktari alimruhusu Gerishon kusafiri, akafika nyumbani amedhoofu, akatembea katikati ya visiki mpaka Job alipokuja kujieleza.

“Nilidhani hutarudi,” Job alisema.

Gerishon akampa jembe. “Chimba.”

Job alichimba mashimo mpaka jioni, Millicent akipanda miche, Gerishon ameketi kitini akimpiga picha kaka yake, nayo ndiyo picha pekee duniani ya Job akifanya kazi, na Millicent anasema hakuwa amemwona mumewe akicheka vile tangu harusi yao.

Januari alirudi Doha kwa matibabu, na tarehe 9 Julai 2025 akafariki hospitalini, mkewe akiwa kwenye simu akimsimulia ni miche ipi imechipua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa chumbani waliomwogesha bila kuombwa, na majirani wa Timboroa wanaomsubiri. Tunamshukuru pia mwenyekiti Cyrus kwa shada lake la maua ya plastiki, ambalo Velma ameomba libaki nje.

Gerishon, nenda kwenye baridi yako, upumzike kwa amani.