Kikombe Kimoja, Ndimi Nne

Benchi lile lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemea kibanda cha ushonaji, na kila asubuhi hukaliwa na mabingwa wa kila kitu isipokuwa kazi. Yupo Faili, karani mstaafu asiyeweza kusema neno bila kunyoosha kidole. Yupo Betri, fundi redio, ambaye kibanda chake kimefungwa muda mwingi kuliko msikiti wa wavivu. Yupo Birika, muuza kahawa mwenye kikombe kimoja cha bati kwa wateja wote, anachokisuuza kwenye ndoo iliyokwisha kubadilika rangi. Na nyuma yao, dirishani, yupo Fundi Sindano na cherehani yake, kazi yake kushona na kuwadharau kimoyomoyo. Siku ile dharau yake ilichanganyika na hofu. Tangu asubuhi alikuwa akilamba ncha ya uzi aupenyeze kwenye sindano, na uzi unabaki mkavu. Kinywa kilikauka, chini ya sikio pamevimba. Nyumbani alikuwa ameonja uji wa mama yake, mgonjwa wa kifua, asisikie ladha. Akaongeza sukari, akaonja tena, akaongeza, kisha akamlisha kidogo kwa kijiko kile kile na kumwachia bakuli amalizie. Hakumwambia mtu. Alijifunga kitambaa shingoni akaja kazini.

Faili alifungua gazeti la juzi.

— Sikilizeni, nyie msiosoma. Kumbe hiki kirusi cha korona hakikai mapafuni tu. Kinaingia kwenye tezi za mate, hizi hapa chini ya masikio, kinazaliana humo, halafu kinatoka na mate. Ukiongea unakigawa. Ukikohoa unakigawa.

Alipokwisha kusoma alipokea kikombe kutoka kwa Betri, akanywa, akamrudishia Birika.

— Hayo ni ya watu wa ofisini, alisema Betri. Mimi napima betri kwa ulimi. Ikiwa na moto, ulimi unauma. Ikifa, kimya. Sasa kirusi gani kitakaa kwenye ulimi unaopigwa shoti kutwa?

— Na wiki hii umepigwa shoti ngapi? aliuliza Birika.

— Wiki hii wananiletea betri mbovu tupu. Hata moja haijauma. Nimezitupa karibu zote.

— Shoti si chanjo, alisema Faili, kidole juu. Chanjo ninayo mimi. Miaka thelathini nimelamba stempu na bahasha za idara nzima. Tezi zangu zimekomaa. Kirusi kikiingia kinakuta gundi.

— Kinanasa, alidakia Betri.

— Kinanasa, ndugu yangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hakuna aliyeuliza mvungu umeingiaje hapo. Kijiweni methali ni kama msumari, inapigiliwa popote penye ubao.

— Mnahangaika bure, alisema Birika akimimina. Kahawa yangu inachemka. Kirusi kikigusa ukingo, kwisha habari yake. Ndiyo maana sitii sabuni kwenye kikombe, sabuni inaondoa kinga ya siku nyingi. Jungu kuu halikosi ukoko.

— Na kikiponea je? aliuliza Betri.

— Kikiponea basi ni mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Fundi Sindano alicheka puani. Watu wazima, mvi hadi nyusi, wanakunywa mate ya wenzao huku wanajadili mate. Alitamani kuwaambia. Lakini angewaambia, wangemuuliza amejuaje, na kitambaa shingoni cha nini, na hadi adhuhuri mtaa mzima ungekuwa umepeleka vitambaa vyake kwa fundi mwingine. Akakaza fundo la kitambaa.

— Fundi, leo umemeza sindano? aliuliza Birika, akimnyooshea kikombe dirishani.

Akanywa. Alisikia moto tu.

— Tamu, alisema.

— Tamu sana, waliitikia wote watatu.

Hapo akafika mama mmoja aliyeleta pazia lipunguzwe. Alikaribishwa kahawa, naye akatoa kikombe chake mwenyewe mkobani. Faili alinuna.

— Unatunyanyapaa, dada? Umoja ni nguvu.

— Msinielewe vibaya, wazee wangu. Ni mazoea tu.

Alikunywa funda moja, akageukia mtaroni, akalitema. Akajifuta mdomo kwa adabu.

— Samahani jamani. Kahawa hii huwa mnaitia chumvi?

Birika alifungua kopo la sukari, akachovya kidole, akalamba, akatazama juu. Akampa Betri, naye akachovya. Faili akachovya kile kidole chake mashuhuri. Kopo likazunguka benchi zima na hakuna aliyeweza kusema kama ni sukari au ni chumvi.

Betri alitoa betri mfukoni, akailamba. Haikuuma. Akaitia kwenye tochi yake ndogo, na tochi ikawaka mchana kweupe. Aliiacha ikiwaka mapajani mwake.

Fundi Sindano hakungoja kuulizwa. Aliacha pazia juu ya cherehani akaenda nyumbani mbio mbio, na njia nzima alijichukia. Wale wajinga watatu angalau walikuwa hawajui. Yeye alijua tangu asubuhi, akanyamaza kwa ajili ya mapazia ya watu.

Alisimama nje ya mlango, kitambaa amekipandisha hadi puani.

— Umerudi mapema, baba, alisema mama yake kutoka kitandani. Ingia basi.

— Nitaongea hapa hapa, mama. Namwita jirani akupeleke zahanati. Kwanza niambie, ule uji umeula wote?

— Sukari ilizidi, mwanangu. Ningeuacha. Lakini nilikuona unavyouonja na kuuonja, nikasema huyu amenihangaikia. Nikamaliza wote. Hata kijiko nilikilamba.